Mlima uliofungwa miaka 54: Seoul, ukuta wake na swali la nani mwenye njia

Leo sitaongelea bei ya mafuta wala mpira. Nataka tuongelee njia ya miguu. Najua kuna mtu keshasema "huyu naye kaishiwa mada". Subiri kwanza, usifunge ukurasa, saa yako ya kafe bado inakwenda na hii habari ina Ikulu ndani yake, ina makomando, ina mlevi wa madaraka na ina jengo lililoteketea usiku mmoja.

Juzi nilikuwa kafe nasubiri barua pepe ambayo haikuja. Nikaanza kuzungusha ramani ya Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Sijawahi kukanyaga huko na nauli yenyewe sina. Ila nikaona mstari unaouzunguka mji wa zamani, unapanda mlima, unashuka, unakatiza barabara kubwa, unapanda tena. Kumbe ni ukuta wa kale na kando yake pana njia ya miguu. Wenyewe wanauita Hanyangdoseong, yaani ukuta wa Hanyang, jina la zamani la Seoul. Una kilomita 18.6, na mwenye magoti mazima anaumaliza siku moja.

Ukuta umepita juu ya milima minne: Bugaksan kaskazini, Naksan mashariki, Namsan kusini na Inwangsan magharibi. Bugaksan ndio mrefu kuliko yote, mita 342. Chini yake kuna Ikulu. Shikilieni hapo, maana mkasa wote unaanzia hapo.

KWANZA, UKUTA WENYEWE

Mfalme Taejo, mwanzilishi wa ufalme wa Joseon, alihamishia makao yake Hanyang mwaka 1394, na mwaka 1396 akajenga ukuta. Waliletwa wakulima kutoka majimboni, karibu watu 197,000 kwa awamu mbili, wakaimaliza kazi kwa siku 98. Mwaka 1422 mfalme Sejong, yule ambaye baadaye aliwatungia Wakorea alfabeti yao, akaukarabati kwa jeshi kubwa zaidi la vibarua. Mamia walikufa kwenye kazi hiyo. Tukisifia majengo ya wafalme tusiwasahau waliobeba mawe.

Sasa sikia hii. Ukuta uligawanywa vipande 97, kila kipande kikapewa watu wa eneo fulani. Kwenye mawe walichonga jina la sehemu waliyotoka wajenzi, na miaka ya baadaye wakachonga hadi jina la msimamizi na la fundi. Kwa nini? Ili kipande kikianguka ijulikane nani aitwe arudie. Mawe ya namna hiyo zaidi ya 280 yapo mpaka leo na maandishi yanasomeka. Hebu fikiria barabara ya mtaani kwenu, ile iliyozinduliwa kwa ngoma ikaota mashimo kabla ya masika ya pili, ingekuwa na jina la mkandarasi limechongwa kwenye lami. Sisemi zaidi.

Lingine lililonigusa mimi niliyemaliza sekondari na bado naangalia mbele sioni vizuri: zamani vijana waliokwenda Hanyang kufanya mtihani wa serikali walikuwa na desturi ya kuuzunguka ukuta wote kwa siku moja huku wakiomba wafaulu. Kwa hiyo hii njia si kitu kilichobuniwa na watu wa utalii. Watoto wa watu wamepita hapo na hofu ya mtihani tumboni, karne na karne.

USIKU WA JANUARI 1968

Usiku wa tarehe 21 Januari 1968, makomando 31 wa Korea Kaskazini walifika chini ya kilomita moja kutoka Ikulu. Kazi waliyotumwa ilikuwa kumuua rais Park Chung-hee. Walivuka mpaka kwa siri, wakapita milimani. Njiani walikutana na ndugu wanne waliokuwa wakikata kuni, wakawakamata, halafu wakawaachia baada ya kuwahubiria siasa. Wale ndugu wakaenda moja kwa moja polisi. Pamoja na taarifa hiyo jamaa walifika mpaka karibu na lango la Changuimun, ambalo ni sehemu ya ukuta huo huo, ndipo wakasimamishwa. Mkuu wa polisi wa Jongno aliyewazuia aliuawa pale pale. Wengi wa makomando waliuawa siku zilizofuata, na mmoja, Kim Shin-jo, alikamatwa akiwa hai. Baadaye alikuja kuwa mchungaji huko huko Kusini, na alifariki mwaka 2025.

Kwenye Bugaksan upo msonobari wenye alama 15 za risasi za mkasa huo. Umeachwa hivyo hivyo.

Serikali ikafanya kile serikali nyingi hufanya ikiogopa: ikafunga. Bugaksan ikawa ya jeshi. Mwaka huo huo wakaanzisha jeshi la akiba, na raia watu wazima wakaanza kupewa vitambulisho vyenye namba. Kusema kweli hofu yao haikuwa ya kutunga. Makomando walikuwepo kweli na watu walikufa kweli.

Ila angalia kilichofuata. Sababu ilikuwa ya usiku mmoja, kufuli likakaa miongo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule chini ya ule mlima alifika umri wa kuwa na wajukuu kabla hajaruhusiwa kuzunguka mlima wa kwao wote kwa miguu.

KUFULI LINAVYOFUNGULIWA KIDOGO KIDOGO

Hapa ndipo naona siasa yenyewe. Weka tarehe hizi kwenye mstari uone:

1993: Kim Young-sam, rais wa kwanza raia baada ya miongo mitatu ya watu waliotoka jeshini, anafungua Inwangsan.

2007: Roh Moo-hyun anafungua njia ya ukuta juu ya Bugaksan. Lakini unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, unavaa beji shingoni, na askari wanakuangalia unapiga picha wapi.

2019: habari ya kitambulisho inafutwa.

2020, Novemba: Moon Jae-in anafungua upande wa kaskazini wa mlima.

2022, Aprili: upande wa kusini nao. Miaka 54 imetimia.

Mnaona mchoro? Kila raia walipopata sauti kubwa zaidi, uzio ulisogea. Simaanishi kwamba kila rais aliyefungua alikuwa malaika. Ninachosema ni kwamba njia ya miguu inaweza kukupimia uhuru wa nchi kuliko hotuba. Hotuba kila mtu anatoa. Kumruhusu mama mwenye kapu la matunda atembee juu ya paa la Ikulu yako ni habari nyingine.

Kuna kitu kidogo kimenifurahisha zaidi. Kule Inwangsan kibanda kimoja cha walinzi hawakukibomoa wala hawakukiacha kiwe gofu. Walikigeuza mahali pa kusomea vitabu na kunywa kahawa. Pale pale palipokuwa na mtu na bunduki.

ILA TUSIDANGANYANE

Mpinzani wangu ana hoja na lazima niiseme, la sivyo hii inakuwa mahubiri.

Lango kubwa la kusini la ukuta huo ni Sungnyemun. Kwa miaka mingi lilikuwa kama kisiwa katikati ya magari, mtu hawezi kulikaribia. Mwaka 2006 likafunguliwa kwa wananchi. Usiku wa tarehe 10 Februari 2008 mzee wa miaka 69, mwenye hasira kwamba hakulipwa fidia ya haki ya ardhi yake, akapanda na kitu cha kuwashia moto akalichoma. Paa la mbao likateketea huku nchi nzima ikiangalia kwenye televisheni. Watu walilia barabarani. Ukarabati ulichukua mpaka 2013, na baada ya muda mfupi rangi mpya ikaanza kubanduka, ikawa kashfa tena.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema: si mnaona? Fungueni muone.

Mimi nalisoma tofauti. Waliruhusu watu waingie bila kupanga nani analinda usiku. Kufungua ni kazi na kuna gharama yake. Kufuli ni rahisi kwa sababu halilipwi mshahara. Halafu tusisahau yule mzee alianza na nini: fidia ya ardhi. Alitenda kosa kubwa na akafungwa miaka 10, sawa kabisa. Lakini lango lenye zaidi ya miaka 600 liliponzwa na ugomvi wa kiwanja. Nchi gani haina ugomvi wa namna hiyo?

Na kuna wengine ambao kufunguliwa kunawaumiza kimya kimya. Pembeni ya ukuta kule Naksan kuna mtaa wa watu wa kawaida unaoitwa Ihwa. Kuanzia 2006 kuta na ngazi zake zilichorwa picha nzuri, watalii wakafurika. Wakawa wanapiga kelele, wanachungulia madirishani, wanaacha taka. Mwaka 2016 baadhi ya wakazi wakachukua rangi wenyewe wakazifuta picha za kwenye ngazi. Fikiria umefikishwa mahali unafuta ua zuri mlangoni kwako ili upate usingizi. Njia ikiwa ya wote, anayelala kandoni mwake naye ahesabiwe.

SASA HIVI JE?

Mei 2022 rais Yoon Suk-yeol alihamisha ofisi kutoka Ikulu ile ya Cheong Wa Dae, ile yenye vigae vya buluu, akaenda Yongsan. Ikulu ikawa mahali pa kutembelea, mamilioni wakaingia. Alisema anataka kuwa karibu na wananchi. Huyo huyo, tarehe 3 Desemba 2024 usiku, akatangaza sheria ya kijeshi. Askari wakapelekwa bungeni. Wabunge wengine wakaruka uzio kuingia ndani wapige kura, akiwemo Lee Jae-myung ambaye alijirusha mubashara akiwa anaruka. Kura 190 zikaikataa amri hiyo usiku ule ule. Aprili 2025 mahakama ya katiba ikamwondoa Yoon, Juni Lee akachaguliwa rais, na mwisho wa mwaka 2025 ofisi ya rais ikarudi Cheong Wa Dae, chini ya mlima ule ule.

Somo langu ni mawili. La kwanza, kufungua geti la Ikulu hakumfanyi mtu kuwa mwanademokrasia. Yoon alifungua geti, halafu akapeleka askari bungeni. La pili, Lee aliyeruka uzio ili demokrasia ipone, sasa yeye ndiye anaishi nyuma ya uzio. Walinzi wake watamletea faili lenye sababu nzuri za kufunga kipande hiki, kisha kile, kwa muda tu. Sababu nzuri hazikosekani. Mwaka 1968 nazo zilikuwa nzuri. Kipimo chake kwangu si hotuba, ni ule mlima uliopo dirishani mwake.

KWA NINI NINAJALI

Nimalizie na la kwangu. Nilipokuwa shule palikuwa na njia ya mkato inayopanda kilima nyuma ya mtaa wetu. Dakika 15 uko darasani. Nikiwa kidato cha pili taasisi moja, sitaitaja, ikaweka seng'enge na kibao. Sababu: usalama. Hakuna aliyetuita kikao. Tukaanza kuzunguka na barabara kuu, dakika 40, na kwenye barabara hiyo mwenzetu mmoja aligongwa na pikipiki akavunjika mguu. Mlinzi alikaa mwaka mmoja kisha akaondoka, nadhani mshahara ulikata. Seng'enge imeshika kutu, sehemu nyingine imelala chini kabisa. Lakini watoto wa sasa bado wanazunguka na barabara. Mdogo wangu nilipomwambia pale ni njia alinishangaa. Kwake yeye ni kichaka.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko uzio wenyewe. Uzio ukikaa sana unahamia kichwani, na waliojua njia wakizeeka hakuna wa kuidai. Wakorea waliikumbuka yao kwa miaka 54, wakaidai kipande kwa kipande mpaka ikarudi. Sisi tumeshindwa kukumbuka ya dakika 15.

Jumamosi nitapita kule na panga na mdogo wangu. Atakayetukuta atuulize vizuri.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Mtaani kwako kuna njia gani iliyofungwa "kwa muda", na muda huo umefika miaka mingapi? Andika, hata bila jina. Matusi nitayafuta, hoja ngumu nitaziacha.