*TAARIFA YA TAWI: KABLA YA KUSEMA MWALIMU AHAMISHWE, TUSOME PANDE ZOTE MBILI ZA DAFTARI*



Tangu matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili yatoke, kundi letu lina neno moja tu: mwalimu wa Hisabati ahamishwe. Baadhi yetu tumeshaanza kukusanya saini ili zipelekwe kwenye kikao cha wazazi Jumamosi hii kwa jina la Chama. Uongozi wa tawi umekaa, na msimamo wetu ni huu: *tawi halitapeleka saini hizo.*

Hatusemi hivyo kwa sababu matokeo ni mazuri. Ni mabaya. Wapo watoto wetu, wakiwemo wa viongozi wa tawi, ambao watakariri darasa. Tunasema hivyo kwa sababu tuliuliza mwaka wa mwalimu huyu ulikwendaje, na majibu yametuinamisha vichwa.

Kwanza, mwalimu huyu hakusomea Hisabati. Alisomea Historia na Kiswahili. Januari alipangiwa Uraia kwa kidato cha tatu na cha nne, wanaomalizia mtaala wa zamani. Hapohapo akapewa kidato cha kwanza, ambako mtaala ulioboreshwa umeondoa Uraia na kuleta Historia ya Tanzania na Maadili. Hayo ni maazimio ya kazi tofauti, maandalio tofauti na vitabu tofauti. Machi mwenzake wa Kiswahili alikwenda likizo ya uzazi, vipindi vyake vikamwangukia yeye. Juni, walimu wengine wakiwa nyumbani, yeye alikuwa na timu ya UMISSETA. Julai akakabidhiwa Hisabati ya kidato cha pili. Upimaji ulikuwa Novemba.

Ukitoa likizo ya Septemba na siku za mitihani ya majaribio, mhesabieni wenyewe alibaki na wiki ngapi za kufundisha somo ambalo mara ya mwisho alilisoma akiwa kidato cha nne. Mshika mbili moja humponyoka. Huyu tulimshikisha nne. Katibu wenu ana stashahada ya uhasibu na namba ndiyo kazi yake, lakini akiambiwa kesho asimame mbele ya kidato cha pili, hataweza bila kujiandaa.

Kwa nini alipewa Hisabati? Kwa sababu kijana aliyekuwa akijitolea kulifundisha somo hilo aliondoka. Na kwa nini aliondoka? Hapa ndipo penye uchungu. Wazazi tulikubaliana, kwa hiari yetu, kumchangia kijana yule chakula na kodi ya chumba. Tumelipitia daftari la michango. Februari majina yamejaa ukurasa. Aprili yamepungua. Mei ni ya kuhesabu kwa vidole. Juni ukurasa ni mweupe. Baadhi ya waliotia saini za kumwondoa mwalimu hawana hata mwezi mmoja waliolipa. Hatutamtaja mtu. Katibu naye alikuwa anadaiwa mwezi mmoja, na ameshaulipa.

Wapo watakaosema mwalimu analipwa mshahara, kazi ni kazi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kuleta walimu wa Hisabati na Sayansi ni wajibu wa Serikali, si wa mifuko ya wazazi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa yamejaa, na hilo ni jema, lakini darasa lililojaa linataka mwalimu wa somo husika. Hayo tutayasema mbele ya yeyote bila kuogopa. Lakini tukimhamisha huyu, pengo la Hisabati litabaki palepale, na tutakuwa tumeongeza pengo la Uraia, la Historia na la Kiswahili. Mwalimu anayekubali kukaa huku kwetu Nyanungu hapatikani kirahisi. Kumfukuza ni kazi ya siku moja.

Kwa hiyo, Jumamosi tawi litakwenda na mambo manne:

*1.* Kuomba mgawanyo wa masomo na vipindi usomwe kwa wazazi kila Januari, na ukibadilika katikati ya mwaka tuelezwe sababu.

*2.* Kuomba Kamati ya Maendeleo ya Kata ipeleke kwa Mkurugenzi barua inayotaja masomo yasiyo na walimu, somo kwa somo. Kusema "walimu hawatoshi" peke yake haisaidii.

*3.* Kufufua mchango wa hiari kwa utaratibu unaoruhusiwa, wenye stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe kila mwezi. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango huo.

*4.* Mkuu wa shule akiridhia, Katibu na vijana wetu waliosoma Hisabati hadi kidato cha sita watasaidia wanaokariri kila Jumamosi, bila malipo, bila bendera wala sare za Chama.

Wazee wetu na sisi tulibeba mawe na mchanga kujenga shule za kata. Hatukubeba ili tuje tugombane na mtu mmoja aliyeachiwa mzigo wa watu watatu.

Mwenye karatasi ya saini airudishe kwa Katibu kabla ya Ijumaa jioni. Mwenye hoja tofauti aje kikaoni aiseme, atasikilizwa.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
kwa niaba ya uongozi wa tawi