Panga tumelipigia kelele, jua je?

Wadau, leo naongea na nyie mnaosema losheni ya kuzuia jua ni mambo ya Wazungu wa ufukweni.

Sisi waandishi wa Shinyanga, Mwanza na hapa Geita tuliandika sana kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino, hasa kuanzia 2007. Ilibidi, na dunia ikasikia. Lakini yupo muuaji mwingine tusiyemwandika, kwa sababu hana panga wala mganga: jua. Saratani ya ngozi imewaondoa wengi wao kabla ya kufikisha miaka 40, na habari hiyo haiuzi gazeti.

Sayansi yake si ngumu. Ngozi nyeusi ina melanini, ndiyo inayotukinga wengi wetu. Mwenye ualbino hana, au anayo kidogo mno. Na Kalangalala iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo miale ni mikali mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Kidonda kisichopona kikiwahiwa, kinakatwa na mtu anapona. Kikiachwa, ni safari ya Bugando au Ocean Road, tena mara nyingi muda umeshapita.

Kinga ipo. Pale KCMC, Moshi, ilianzishwa losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya ndugu zetu hawa na kugawiwa bure. Ila losheni huisha. Kofia pana na shati la mikono mirefu haviishi, na kwenye mitumba vimejaa tele.

Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hayo si ya mwenye ualbino peke yake. Mwalimu, usimsimamishe mtoto huyu paredi juani, na usimvue kofia eti si sare. Mkalishe mbele maana haoni mbali, lakini asipigwe na jua la dirishani. Bosi, mpangie kazi ya kivulini. Mzazi, losheni iwe kama mswaki: kila asubuhi kabla ya kutoka, halafu apake tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Mafuta ya mgando yanang'arisha tu, hayakingi kitu.

Jamani, kumlinda mtu na panga halafu kumwacha aunguzwe na jua, huko si kumlinda.

Nawasilisha.