Nyumba Bora Ianzie Darasani

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma si ajabu kumwona mwanafunzi akielekea shuleni asubuhi na mizigo miwili: madaftari mkononi na kuni kichwani. Madaftari ni kwa ajili ya masomo. Kuni ni kwa ajili ya jiko la shule. Akifika, kuni huachwa nyuma ya jiko, naye huingia darasani, chini ya bati lisilo na dari, akafundishwa kwamba ukataji wa miti ovyo huleta jangwa. Ifikapo saa nane mchana, hasa katika miezi ya Oktoba na Novemba kabla ya mvua, joto la bati hilo humfanya mwalimu achoke kusema na mtoto achoke kusikia. Kuni zile na joto lile ni somo kubwa kuliko lililoandikwa ubaoni, lakini halimo katika ratiba.

Elimu ya ujenzi bora na matumizi mazuri ya nishati nyumbani haina budi kufundishwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, wenye umri wa miaka 11 hadi 14. Tena haina budi kuanzia katika darasa wanamokaa na nyumba wanamolala. Isipoanzia hapo itakuwa wimbo wa kukaririwa siku ya mtihani na kusahauliwa kesho yake.

Dodoma ina sababu yake ya pekee ya kuharakisha jambo hili. Tangu Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, mji ulikua kwa mwendo wa taratibu kwa zaidi ya miaka arobaini. Baada ya Serikali kuanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, mwendo huo ulibadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Watu hao wote wanahitaji kuta, mapaa, moto wa kupikia na taa. Nyumba inayojengwa vibaya leo itamtesa mwenyewe kwa miaka arobaini au hamsini, na mtoto aliyeko darasa la sita leo ndiye atakayeijenga, kuinunua au kuirithi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ujuzi wa kujenga kwa kufuata hali ya nchi ulikuwapo hapa kabla ya shule. Wagogo walijenga tembe: nyumba ya chini, yenye kuta nene za miti na udongo, na paa la bapa lililotandikwa miti, fito na nyasi, kisha likakandikwa udongo. Udongo mnene hupokea joto polepole na huliachia polepole. Jua la adhuhuri hukawia kupenya, na joto linapofika ndani usiku umekwisha ingia, wakati ambapo baridi ya Juni na Julai katika uwanda huu ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari hulihitaji joto hilo hilo. Paa la bapa liliwezekana kwa kuwa mvua ni chache, milimita mia tano hadi mia sita kwa mwaka, tena za msimu mmoja. Nyumba kuwa fupi kuliipunguzia kishindo cha upepo wa mashariki usiokoma. Walioijenga hawakuwa na kipimajoto, lakini walikuwa wamepima.

La hasha, hakuna anayedai kwamba wananchi warudi katika tembe. Nyumba ile ilikuwa na giza, moshi wa jikoni uliwaumiza mama na watoto macho na vifua, na mvua kubwa ilipokuja paa lilivuja. Operesheni Dodoma ilipoanza mwaka 1971, wananchi walipohamia katika vijiji na kuanza kufyatua matofali, kazi ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kule Chamwino, nia ilikuwa njema: watu waishi mahali penye mwanga, hewa na usafi. Kosa lilikuja baadaye. Pamoja na giza na moshi, ulitupwa pia ujuzi wa joto na baridi. Ikaingia kasumba ya kudhani kwamba nyumba ya udongo ni alama ya umaskini, na kwamba bati na saruji ni maendeleo hata kama mwenye nyumba analala nje kwa sababu ya joto. Mtoto asipofundishwa kutenganisha lililo jema na lililo baya katika kazi ya babu zake, ataitupa yote au ataishika yote. Njia zote mbili ni za ujinga.

Yaweza kuulizwa: mtoto wa miaka 12 afundishwe nini hasa? Kwanza afundishwe kupima. Kipimajoto kimoja kining'inizwe darasani chini ya bati, kingine kiwekwe ndani ya nyumba ya udongo iliyo jirani, na cha tatu chini ya mwarobaini. Wanafunzi wasome vyote asubuhi, adhuhuri na alasiri kwa muda wa majuma mawili, kisha wachore grafu. Hiyo ni sayansi na hisabati kwa wakati mmoja. Baada ya hapo waulizwe kwa nini mistari mitatu haikwenda pamoja. Mtoto aliyepata jibu hilo kwa mkono wake hatalisahau.

Pili afundishwe kulitazama jua. Dodoma iko karibu nyuzi sita kusini mwa Ikweta. Jua huchoma kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni, wakati adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima. Kwa hiyo nyumba yenye pande ndefu zinazotazama kaskazini na kusini, na pande fupi zinazotazama mashariki na magharibi, hupokea joto dogo kuliko iliyogeuzwa kinyume. Kuielekeza nyumba hivyo hakuongezi hata shilingi moja kama kiwanja kinaruhusu. Hali kadhalika upenu mpana unaotia ukuta kivuli, madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, dari hata ya kitambaa au mianzi, na rangi nyeupe juu ya bati. Wanafunzi waweza kutengeneza vijumba vya maboksi, kimoja chenye paa jeupe na kingine chenye paa jeusi, wakaviweka juani na kulinganisha.

Tatu afahamu gharama ya tofali. Tofali la kuchoma huonekana rahisi kwa sababu udongo ni wa bure na kuni hukatwa porini, lakini tanuri moja hula miti ambayo haitaota tena katika uhai wa fundi aliyeliwasha. Utafiti wa njia nyingine si mgeni nchini. Kitengo cha utafiti wa majengo kilianzishwa mwaka 1971, na wakala uliotokana nacho ulieneza tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukomazwa kwa maji kivulini bila moto wowote. Wanafunzi waweza kulifyatua tofali la namna hiyo, kulilowesha, kulikausha na kulijaribu nguvu zake.

Nne, na hili ndilo linalogusa kila nyumba, ajifunze habari za jiko. Sehemu kubwa ya joto la moto wa mafiga matatu hupotea hewani. Wanafunzi wapime kuni kwa mizani, wachemshe lita mbili za maji juu ya mafiga, kisha lita mbili nyingine juu ya jiko la udongo wa kichuguu lililozungushiwa kuta, na wapime kuni zilizobaki. Wapike maharage yaliyolowekwa usiku kucha na yale yasiyolowekwa. Sufuria yenye mfuniko na isiyo na mfuniko. Si mambo mageni kwa mkoa huu. Katika kijiji cha Chololo, mradi wa kijiji cha mfano ulioanza mwaka 2011 ukiongozwa na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini ulipeleka majiko ya kuni chache na mitambo ya gesi ya samadi kwa wananchi wa kawaida. Mkoa wenye ng'ombe wengi kama huu hauwezi kusema kwamba samadi ni jambo la kuagiza kutoka nje.

Tano ni umeme. Mwenye mita ya LUKU nyumbani hununua uniti, lakini ni wachache wajuao uniti zimekwenda wapi. Hesabu yake ni ya darasa la sita. Taa ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 hula uniti 9. Taa ya LED ya wati 9 kwa muda huo huo hula uniti 1.35 tu, na mwanga haupungui. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo atakuwa mshauri wa nyumba nzima. Atafahamu pia kwamba bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, liliposhuka maji na kusababisha mgawo wa umeme nchini mwaka 2006, si mvua tu iliyohusika katika funzo hilo, bali na namna nchi inavyotunza maji na kutumia umeme. Hata sasa ambapo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115, wingi wa umeme gridini haumpunguzii gharama mtu anayeupoteza nyumbani mwake.

Wapo watakaosema kwamba ratiba imejaa, vitabu havitoshi na walimu wana mzigo mkubwa. Hoja hiyo ina uzito, na haipaswi kupuuzwa. Lakini hapa haliombwi somo jipya. Kinachoombwa ni kwamba hesabu za sehemu na asilimia, jiografia ya jua na upepo, na sayansi ya joto, ambazo tayari zinafundishwa, zichukue mifano yake katika paa, jiko na mita badala ya mifano ya mbali. Vifaa vyake ni kipimajoto, mizani, udongo na maboksi.

Hata hivyo liko onyo moja kutoka historia. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa kujifunzia. Katika shule nyingi likawa mahali pa kutumikishwa na kuadhibiwa, jembe likachukiwa, na fikra njema ikapata jina baya. Jambo hilo lisirudiwe. Mtoto akifyatua tofali, afyatue ili ajue, wala si kwa ajili ya nyumba ya mtu. Akijenga jiko, aulizwe kwa nini mlango wake uelekee huku na usielekee kule.

Tena shule haiwezi kufundisha lile isilolitenda. Serikali ilikwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi. Agizo halipiki ugali. Halmashauri na kamati za shule hazina budi kuhesabu gharama za gesi, umeme au samadi, na kuziweka katika bajeti, ili ukuni utoke kichwani mwa mtoto, hasa mtoto wa kike, ambaye mara nyingi ndiye anayetumwa porini pia atokapo shuleni. Jiko la shule likibadilika mbele ya macho ya wanafunzi, hilo litakuwa somo kuliko mabango yote.

Kondoa inajua gharama ya kuchelewa. Makorongo yaliyokula mashamba huko ndiyo yaliyoleta mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 ilibidi mifugo iondolewe kabisa katika eneo lililoharibika. Wananchi walilipa kwa ng'ombe wao kosa lililojengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Dodoma ya leo ukuta unajengwa kila siku, na ufa wenyewe umo katika fikra za anayejenga. Pa kuuziba ni darasani, chini ya bati lile lile linalowatoa watoto jasho.