Mezani Kwetu: Mtindi wa Barafu wa Butimba

Bibi mmoja wa Butimba, huko Mwanza, ametuletea barua ndefu, naye ameomba jina lake lisitajwe. Madhali mambo aliyoyauliza yawahusu wengi katika wasomaji wa ukurasa huu, tumeona yafaa kumjibu hapa kuliko kumwandikia peke yake.

Asema kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akigandisha mtindi katika vikombe vidogo na kuwauzia watoto watokao madrasa baada ya alasiri, na wanafunzi wa Chuo cha Ualimu, na pato hilo ndilo linalowasomesha binti zake wawili. Sasa duka moja la mjini limeleta mashine iminayo mtindi wa barafu ulio laini kama malai, na wateja wake wameanza kupungua. Mfanyabiashara mmoja amemshauri atie unga mweupe auzao yeye katika vifuko, visivyo na jina wala anwani ya mtengenezaji, ili mtindi wake nao uwe laini. Bwana wake asema unga huo una shubuha, auache. Jirani zake wasema biashara haingoji. Naye auliza mambo matatu: unga ule ni nini, kuna njia ya kufanya bila ya huo, na je, mtindi wake kwa kweli ni duni kuliko wa mjini?

Nitaanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonitoa nyumbani. Wasomaji wa zamani waujua udhaifu wangu mbele ya kitu kitamu. Nikakata shauri kwenda kuonja mwenyewe, nikafikia kwa rafiki zangu wa Mkuyuni, na kwa siku mbili nikaishi kwa vikombe.

Kwanza lipo jambo la lugha. Maziwa yaliyochacha na kushikana sisi twayaita maziwa ya mgando, na maji yaliyokuwa barafu twasema yameganda. Basi kitu hiki ni mgando uliogandishwa, ulioganda mara mbili! Waturuki, ambao neno lao la yogati limeenea dunia nzima, walilitoa katika maana ya kufanya kitu kiwe kizito. Wamarekani nao walikuja nyuma sana katika habari hii: ndipo katika miaka ya 1970 mtindi wa barafu ulipoanza kuuzwa kwao, na mwaka 1981 duka la TCBY likafunguliwa katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, likazaa mengine mengi. Lakini maziwa ya kuchacha katika kibuyu Wasukuma walikuwa nayo kabla ya hayo yote, na samli pia.

Hapo mjini nililiona duka lile. Ni safi, viti ni vyeupe, na mashine yatoa uzi mnene unaojikunja ndani ya kikombe, ukapambwa kwa matunda. Bei ya kikombe kimoja ilizidi bei ya lita nzima ya maziwa. Ladha yake si mbaya, lakini ni tamu kupita kiasi, na ule uchachu ambao ndio roho ya mtindi haukusikika. Nilipomwuliza kijana aliyekuwa akihudumu ni nini kilichomo, akanijibu kwa adabu kwamba mchanganyiko huja tayari katika mifuko na yeye hajui. Nilimshukuru kwa kusema kweli.

Huko Mkuyuni, kando ya barabara iendayo Shinyanga, muuza duka alinitolea chupa ya mtindi iliyolala usiku kucha katika barafu. Jiwe la Bismarck pale ziwani si gumu kuliko chupa ile. Na karibu na stendi ya Nyegezi wapo vijana wachukuao vindoo vya barafu za maziwa katika vifuko virefu. Zapoza koo, wallahi, hasa saa saba ya mchana, lakini ni maji na sukari kwa wingi, maziwa kwa rangi tu.

Ama kwa Butimba, nilimtuma mtoto wa wenyeji wangu akaninunulie vikombe vitatu kwa yule bibi, ili asijue ni vya nani na asinichagulie vilivyo bora. Nasema bila ya kumpendelea: kwa ladha, hakuna katika vyote nilivyovionja kilichovifikia. Maziwa yake ni ya ng'ombe wa kienyeji, ambao hutoa machache lakini yenye mafuta mengi, na uchachu wake ni wa kiasi, wa kumfanya mtu arudie kijiko. Aibu yake ni moja. Vina chembe za barafu, navyo ni vigumu hata mtoto avunja kijiko cha plastiki kabla ya kufika katikati. Wateja hawakukimbia ladha, wamekimbia ugumu.

Tuje kwenye unga. Hakuna awezaye kusema kwa yakini kilichomo katika kifuko kisicho na jina. Lakini unga utumiwao kwa kazi hii mara nyingi ni wa namna mbili: ama ni wanga na utomvu wa mimea, ama ni jelatini. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama kwa kuichemsha, na viwanda vingi vya dunia hutumia ngozi ya nguruwe kwa kuwa ni rahisi. Ikiwa ya nguruwe, hukumu yake yajulikana. Ikiwa ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria, wapo wanavyuoni wasemao kwamba kitu kikigeuka kabisa umbile lake hugeuka na hukumu yake, na wapo wasiokubali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani na bara, mlango huo wa kugeuka ni mwembamba sana: mvinyo uliojigeuza wenyewe kuwa siki, na ngozi ya mzoga iliyodabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na mifano michache kama hiyo. Basi bwana wake bibi huyu amesema kwa elimu. Yatosha ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Nuumani bin Bashir, ya kwamba halali i wazi na haramu i wazi, na baina yao yapo mambo yenye kushabihiana, na ajiepushaye nayo ameisalimisha dini yake na heshima yake. Mwenye kutaka kununua unga wa dukani na atafute wenye jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, na alama ya halali ya BAKWATA au ya chombo kingine kinachoaminika.

Lakini kwa nini anunue? Mwenyezi Mungu ametuwekea dawa ya jambo hili mlangoni. Utomvu uitwao karajinani, utumiwao na viwanda vikubwa kuilainisha aiskrimu, hutolewa katika mwani, na tangu mwaka 1989 akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wamekuwa wakiulima mwani huo kwa biashara na kuupeleka ng'ambo. Hivyo kitu kitolewacho katika jasho la mama wa Kiislamu wa Jambiani huenda Ulaya kikarudi kwetu katika kifuko! Karibu zaidi ni ubuyu. Unga wa ubuyu una pektini, kile kile kifanyacho jemu kushikana, nao una uchachu mzuri. Kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ubuyu uliochujwa katika lita moja ya mtindi chatosha kuuzuia usijitenge na maji yake. Asiyependa ladha ya ubuyu na apike uji mwepesi wa wanga wa muhogo, upoe, kisha auchanganye.

Hata hivyo unga ni nusu ya jawabu, na pengine si nusu. Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, karibu sehemu 87 katika 100, na maji hayo ndiyo yageukayo mawe. Basi yapunguze. Mtindi na utiwe katika kitambaa safi cha pamba, uning'inizwe kwa saa tatu au nne mahali pa baridi, kama Waarabu wafanyavyo labani yao. Maji yatakayochuruzika yasimwagwe, yafaa kukandia unga wa chapati. Ndipo itiwe sukari, ambayo si ya utamu tu, bali nayo huzuia maji yasigande kwa ukali. Kisha utiwe katika bakuli pana, uingizwe katika friji ya kugandisha, na kila nusu saa utolewe upigwe kwa mwiko au kwa mchapo, mara nne au tano, ili chembe za barafu zivunjike zikiwa bado changa na hewa iingie. Hiyo ndiyo kazi yote ya mashine ya mjini: kupiga bila ya kuchoka.

Na iko siri nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Mtindi utokao mashineni huwa katika baridi ya nyuzi kama 6 chini ya sifuri, ilhali friji ya kugandishia nyumbani ikifanya kazi vyema hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo kikombe cha bibi yetu si kibaya, ni baridi mno. Kikitolewa dakika kumi kabla ya kuuzwa, au kikihamishiwa katika sanduku la kuhifadhia barafu watoto wanapokaribia kutoka madrasa, kitaliwa bila ya kuvunja kijiko.

Usafi sina haja ya kuurefusha, ila neno moja. Baridi haiui vijidudu, huvilaza tu, na mtindi uliofanywa kwa maziwa yasiyochemshwa waweza kuwa na homa ya kutupa mimba kwa wanyama, ambayo kwa binadamu ni maradhi ya muda mrefu. Maziwa yachemke kwanza, yapoe mpaka kidole kiweze kustahimili, ndipo itiwe mbegu ya mtindi wa jana. Mbegu hizo ni vijidudu vyema, na ndizo zinazowawezesha wengi wetu ambao maziwa matamu huwasokota tumbo kunywa mtindi wakapata raha. Mwanza yenyewe ina habari yake katika elimu hii. Mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, mtaa wa Mabatini, walianza kutengeneza mtindi wenye kijidudu maalumu kwa afya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakawapa na watu waishio na virusi vya UKIMWI katika mtaa wao. Sufuria, kitambaa, jiko na mikono ya akina mama ndivyo vilivyokuwa kiwanda. Nataja jambo hili kwa sababu barua ya bibi yetu ina maneno ya kujidharau, kana kwamba kitu cha jikoni hakiwezi kusimama mbele ya kitu cha dukani.

Amegusia pia kwamba yule mfanyabiashara alimshauri aongeze maji katika maziwa, kwa kuwa unga ule utaficha. Hapa twakumbuka kisa kisimuliwacho katika tarehe, cha Sayyidna Umar alipokuwa akizunguka Madina usiku akasikia mama akimwamuru binti yake achanganye maziwa na maji, na binti akakataa kwa kuwa Amiri wa Waumini amekwisha katazia. Mama akasema Umar hatuoni. Binti akajibu kwamba Mola wake Umar aona. Asubuhi Umar akamposea binti huyo mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka khalifa Umar bin Abdulaziz. Ninayemwandikia anao mabinti wawili wamwangaliao akipima maziwa.

Ama bei, asishindane na mjini. Kikombe chake kiwe kidogo na kizito, si kikubwa na chepesi, na kiwe na aina mbili tu: cha ubuyu, na cha embe msimu wake unapofika. Nilionja pia cha ukwaju kwa jirani yake mmoja. Ni kizuri, lakini uchachu juu ya uchachu wataka sukari nyingi, na sukari nyingi si jambo la kuwazoesha watoto. Kifuniko kiandikwe siku kilipofanywa. Wanafunzi wa chuo ni wasomaji, watakiona.

Limebaki la umeme, ambalo hakuuliza lakini litamfika. Taa zikizimika, mlango wa friji usifunguliwe kwa kuchungulia, maana friji iliyojaa na kufungwa yaweza kuhifadhi baridi yake kwa saa nyingi. Vikombe vikikuta vimekwisha yeyuka, visigandishwe tena wala visiuzwe kuwa vipya. Vikiwa bado baridi, vinywewe jioni hiyo hiyo kama mtindi wa kawaida pamoja na viazi vitamu, na vitakavyozidi wapelekewe jirani.