Kisauni hakuna mvua, Pemba kumefurika: tuisome vipi taarifa ya hali ya hewa visiwani?

Kila msimu wa masika lalamiko ni lile lile: "Wametangaza mvua kubwa Zanzibar, mbona kwetu Paje jua linawaka?" Aliye Wete naye hulalamika kinyume chake, majamvi yake ya karafuu yamerowa siku iliyotangazwa kuwa na mvua chache. Wengine humalizia kuwa wataalamu wanabahatisha. Kabla ya kufika huko, ndugu msomaji, ni vyema tuangalie vipimo vinachukuliwa wapi na ardhi yetu ilivyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina vituo vikuu katika viwanja vyetu vya ndege: Kisauni kwa Unguja, na Uwanja wa Karume karibu na Chake Chake kwa Pemba. Kiwanja cha ndege kinafaa kwa sababu kiko wazi. Kanuni za kimataifa zinataka upepo upimwe mita 10 juu ya ardhi, na kipima mvua kiwe mbali na mti au nyumba, angalau mara mbili ya urefu wake. Lakini kipima mvua hupima mvua iliyoingia ndani yake tu. Hakijui kilichonyesha Makunduchi.

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Upande wa magharibi una udongo mzito na vilima, kikiwemo kilima cha Masingini chenye mita zipatazo 120. Mashariki na kusini ni maweni, ardhi tambarare ya mawe ya matumbawe. Magharibi hupata mvua zaidi kuliko mashariki. Siku za upepo mdogo, jua hupasha ardhi, upepo wa bahari huingia kutoka pande zote mbili na kukutana katikati ya kisiwa. Hapo hewa hupanda na wingu la alasiri hujengeka. Kijiji kimoja hurowa, cha jirani hubaki kikavu. Pemba, yenye mabonde na vilima vingi, kwa kawaida hupata mvua nyingi kuliko Unguja.

Jambo hili si la visiwa peke yake. Laela, mkoani Rukwa, mji wa mahindi katika barabara ya Tunduma na Sumbawanga, uko juu ya uwanda wa Ufipa, nao ni kama kisiwa cha nchi kavu. Karibu na Sumbawanga uwanda huo una kimo cha mita 1,800 hivi. Ziwa Rukwa upande mmja na Ziwa Tanganyika upande wa pili yako takriban mita 1,000 chini yake. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo kipimo cha Sumbawanga hakimwelezi mvuvi wa ziwani joto la kwake. Huko tofauti inaletwa na kimo. Kwetu inaletwa zaidi na bahari na upande ulipo.

Historia yetu inatoa ushahidi mkubwa. Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Visiwa viwili jirani, dhoruba moja, matokeo mbalimbali.

Hatari kubwa iko baharini. Upepo wa bandarini, uliokingwa na majengo na ardhi, si upepo wa mkondoni. Julai 18, 2012, msimu wa kusi, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Abiria aliyeona utulivu Forodhani angeweza kunung'unika, lakini uamuzi ulikuwa wa kuokoa roho.

Hata mwezi mwandamo unaguswa. Sheria inatuelekeza kukamilisha siku 30 pale mawingu yanapozuia. Ila wingu lililofunika mji si lazima lifunike Micheweni, ndiyo faida ya watazamaji kusambaa.

Tufanye nini? Kwanza, tahadhari ya upepo na mawimbi ifuatwe hata kama ufukweni kwako kumetulia, kwani imetolewa kwa eneo zima la bahari. Pili, utabiri wa mvua wa "baadhi ya maeneo" usisomwe kuwa ahadi kwa kila shehia. Tatu, skuli na madrasa zinaweza kuweka vipima mvua na kuandika kila asubuhi saa 3. Kipimo kimoja hakina uzito, lakini miaka 10 ya daftari la Jambiani au Kojani itamfaa mkulima na mtabiri pia.

Kuchukua tahadhari hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ngamia hufungwa kwanza, kisha ndiyo tawakkul. Wallahu a'lam.