Baada ya Taa Kuzimwa, Chombo cha Angani Huenda Wapi?

Ndugu msomaji, ukiingia Msasani kwa Barabara ya Zamani ya Bagamoyo utapita kando ya ukuta mrefu wa ubalozi wa Marekani. Waliokaa Dar es Salaam siku nyingi wangali wanapaita mahali hapo Drive-in, na vijana wanaolisikia jina hilo si wote wenye habari kwamba ni la sinema. Tangu mwaka 1966 palikuwa na uwanja wa wazi ambamo familia ziliegesha magari na kutazama picha usiku, mbele ya kiwambo kikubwa mithili ya ukuta wa ghorofa. Ubalozi ulifunguliwa mahali hapo mwaka 2003. Kiwambo hakipo, kilichobaki ni jina.

Juma hili nataka tuzungumze jambo linalokaribiana na hilo. Picha ikiisha, vile vitu vilivyoonekana ndani yake huenda wapi? Siwasemi waigizaji, maana hao hurudi makwao wakiisha kulipwa (wakilipwa). Nasema vitu vyenyewe: upanga, kiti cha enzi, mavazi, nyumba ya uongo yenye uso bila mgongo. Na katika michezo yote hakuna inayohitaji vitu vingi vya kuundwa kuliko zile hadithi za kubuni za kisayansi, zinazosimulia safari za kwenda kwenye nyota. Ukitaka kuigiza harusi utaazima viti kwa jirani. Chombo cha angani utakiazima kwa nani?

Mwaka huohuo wa 1966, tarehe 8 Septemba, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uitwao Star Trek. Ndani yake alikuwamo afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, aliyeitwa Uhura. Jina hilo halikuokotwa njiani. Lilifinyangwa kutokana na neno letu la uhuru, ambalo katika miaka ile lilikuwa limevuma kutoka Afrika Mashariki hadi ng'ambo. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols, aliyefariki dunia mwaka 2022, na vazi lake jekundu limehifadhiwa mjini Washington, katika jumba la taifa la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi. Neno limetoka kwetu, likavuka bahari, likashonewa gauni, na gauni lenyewe leo linatunzwa kama mali ya taifa kubwa.

Lakini tusidhani kwamba kila kitu cha mchezo ule kilipata heshima hiyo. Chombo cha angani chenyewe, kilichoitwa Enterprise, kilikuwa ni mfano wa mbao na plastiki wenye urefu wa kama mita 3 na nusu, uliotengenezwa mwishoni mwa mwaka 1964. Fundi hakupoteza rangi bure: upande ambao kamera haikuuona uliachwa mtupu, nyaya zikiingilia huko. Mchezo ulisimamishwa mwaka 1969, na mwaka 1974 chombo kikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Hata huko hakikukalishwa kitako mara moja. Kwa miaka kadhaa kilikuwa katika duka la makumbusho, mahali pa kuuzia zawadi, na ndipo baadaye wakaja mafundi waliokikarabati kwa uangalifu mpaka mwaka 2016, kikawekwa katika ukumbi mkubwa pamoja na vyombo vilivyoruka angani kwelikweli.

Kilikuwapo na kingine kidogo, chenye urefu unaokaribia mita moja, ambacho kilitangulia kutengenezwa kama kielelezo. Mwenyewe, Gene Roddenberry aliyeubuni mchezo, alikiazimisha kwa watengenezaji wa filamu mnamo mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakikurudi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa hata matanga hayakulipwa. Roddenberry akafa mwaka 1991 bila kukiona tena. Ilipofika mwaka 2023 kikajitokeza kwenye intaneti kikiuzwa kama kitu cha kawaida, na mwaka 2024 kikarudishwa kwa mwanawe. Zaidi ya miaka 40 kilikuwa gizani, wala hakuna aliyekichoma moto au kukigeuza kuni. Hiyo ni bahati, si utunzaji.

Kwa nini vitu hivi hupotea kirahisi hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba vingi huundwa kwa takataka za nyumbani. Mwaka 1963, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipoanza mchezo wake wa Doctor Who, liliwatia watoto hofu kwa madude ya chuma yaitwayo Dalek, na mkono mmoja wa dude lile ulikuwa ni kile kifaa cha mpira cha kuzibulia sinki. Katika Star Trek, baadhi ya vyombo vya daktari vilikuwa vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani. Upanga wa mwanga wa filamu ya Star Wars, ya mwaka 1977, mpini wake ulikuwa kishikio cha taa ya kamera ya wapiga picha wa magazeti wa zamani. Mtoto wa Msasani anayetengeneza gari kwa waya, makopo na vifuniko vya chupa hahitaji kufundishwa mambo haya. Tofauti yake na mafundi wa London ni kwamba wao walilipwa mshahara.

Basi kitu kilichotoka jalalani hakiogopi sana kurudi jalalani. Sababu ya pili ni ghala. Studio hulipia nafasi, na mchezo ukisimamishwa leo, kesho kutwa mchezo mwingine unataka pale pale pajengwe jiko au mahakama. Mbao huvunjwa, misumari hung'olewa, rangi hupakwa juu ya rangi. Chochote kinachonusurika, mara nyingi kimenusurika kwa kuwa seremala au mshona nguo alikiweka begani akaenda nacho nyumbani, au kwa kuwa kiliweza kuigiza tena. Liko roboti liitwalo Robby, lililoundwa kwa filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956. Likazungushwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, leo adui, kesho mtumishi wa jikoni, na huko kuzungushwa ndiko kulikoliponya. Mwaka 2017 liliuzwa katika mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 5. Ninaamini kwamba miongoni mwa waliowahi kulisukuma kona ya ghala kwa mguu, hakuna aliyeota bei hiyo.

Tusogee bara letu. Watengenezaji wa Star Wars walipiga sehemu za filamu zao kusini mwa Tunisia, kwenye jangwa. Mwaka 1976 walitumia hoteli ya Sidi Driss huko Matmata, iliyochimbwa ardhini kwa desturi ya wenyeji, na mpaka leo wageni huenda kulala mahali ambapo kijana wa hadithi alikula chakula cha jioni. Walirudi mwaka 1997 wakajenga mji mzima wa uongo karibu na Nefta, majengo kama 20 hivi. Kazi ilipokwisha wakaondoka na kuuacha. Wenyeji wakapata biashara ya watalii, na jangwa nalo likaanza kudai chake: mwaka 2013 wataalamu walieleza kwamba lundo la mchanga linalosafiri kadiri ya mita 15 kwa mwaka lilikuwa limefika kwenye mji huo. Mchanga, ndugu msomaji, hauna habari kama nyumba ni ya kweli au ya maigizo.

Nataka nikupe na kisa cha Nigeria, ingawa chenyewe ni cha picha zilizopigwa na si cha vyombo. BBC katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta mikanda mingi ya Doctor Who ili itumike tena, kwa kuwa mikanda ilikuwa ghali na hakuna aliyedhani mtu atataka kutazama mchezo uleule mara ya pili. Kabla ya hapo nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi 9 vilivyohesabiwa kuwa vimepotea vimepatikana Jos, katika kituo cha televisheni, vikiwa kwenye rafu na vumbi lake. Waliozoea kusikia kwamba Mwafrika hatunzi kitu walipaswa kunyamaza kidogo siku ile. Kilichotupwa London kilikuwa salama Jos, na hakikuwa na ulinzi wowote zaidi ya kwamba hakuna aliyeona haja ya kukitupa.

Je, sisi? Zanzibar ilianza televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, halipo tena. Michezo ya safari za nyota hatukuitengeneza, kwa sababu ya gharama na pengine kwa sababu tulikuwa na majini ya kutosha kutuogofya: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa filamu za video za kutisha, kama Nsyuka na Shumileta, zilizowafanya watoto wa Dar es Salaam waogope kwenda chooni peke yao.

Na hapo ndipo palipo tofauti yetu. Filamu zetu za video kwa kawaida zilipigwa katika nyumba za watu. Sofa ni ya mwenye nyumba, gari ni la rafiki, kanga ni za mwigizaji mwenyewe. Sufuria iliyoigiza asubuhi, jioni ilipikiwa ugali. Kwa hiyo vifaa vyetu havikutupwa wala havikuhifadhiwa, vilirejea kazini. Sioni aibu katika hilo, na ni busara ya mtu asiye na fedha. Lakini matokeo yake ni kwamba leo ukitaka kumwonyesha mtoto kitu kimoja, kimoja tu, alichokishika Amri Athumani, yaani King Majuto, alipokuwa akituvunja mbavu, hujui uende mlango gani. Alifariki mwaka 2018, si karne iliyopita. Steven Kanumba alifariki mwaka 2012. Wajane, watoto, dada na jirani zao wanavyo vitu ndani, na wengine hawajui kwamba wanavyo.

Majirani zetu wameanza kutuonyesha njia nyingine. Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa mwaka 2009 filamu fupi ya Pumzi, isimuliayo Afrika Mashariki ya baadaye, baada ya vita vya maji. Mwaka 2021 ikatoka Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda na Saul Williams na Anisia Uzeyman, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Mbunifu wake, Cedric Mizero, alitengeneza mavazi na mandhari kwa mabaki ya kompyuta, nyaya na vikorokoro vya namna hiyo. Ukiyaona mavazi yale utadhani umeingia kwa fundi redio ambaye ameamua kuwa mshonaji.

Basi kama nyumbani kwako kuna kitu kilichowahi kuonekana katika mchezo, uwe wa televisheni, wa video au wa jukwaani shuleni, usikichukulie kuwa ni uchafu wa stoo. Anza na adui wa Msasani, ambaye ni hewa ya bahari: chumvi na unyevu vinakula chuma, na joto linaozesha mpira na sponji hata visipoguswa. Usikifunge kitu ndani ya mfuko wa plastiki, kwani unyevu utafungiwa humo pamoja nacho. Kifunge kwa shuka ya pamba iliyofuliwa ikakauka vizuri, kisha kiweke juu ya ubao, si sakafuni, mbali na dirisha lenye jua. Kama kina betri, zitoe leo, kwa maana hutoka maji yanayounguza kila kilicho jirani. Sura ya bandia ya sponji ijaze kitambaa kwa ndani ili isijikunje.

Kisha mkalishe aliyekitumia, au aliyemjua, ukamwulize. Mchezo uliitwaje, mwaka gani, nani alikivaa, nani alikitengeneza na kwa kitu gani, nyumba ya nani ilitumika. Bila maelezo hayo ulichonacho ni kofia kuukuu tu. Yaandike kwenye karatasi safi uyaweke pamoja na kitu chenyewe, nakala nyingine uiweke pengine ndani ya nyumba. Tumia penseli, si kalamu ya wino, maana wino huenea ukipata unyevu, na unyevu kwetu haukosekani, hasa masika.