Jua la Maskati Halingoji Juni

Tangu nirudi kutoka Maskati, mji mkuu wa Oman, swali la bwenini ni moja tu: "Ati huko watu huiva kama viazi?" Nitajibu, ila nami nina neno langu.

Nilikwenda kumtembelea shangazi mwanzoni mwa Mei 2024, ile likizo iliporefushwa kwa sababu ya mafuriko hapa kwetu. Wakati huo kiangazi cha Oman ndipo kinabisha hodi, lakini kinabisha kwa gongo! Joto la mchana mwezi wa Mei hukaribia digrii 40. Milima ya mawe matupu inayouzunguka mji hunywa joto mchana, usiku ikalitema. Bahari nayo huongeza unyevu, shati likakuganda mgongoni. Kule Quriyat, mji wa pwani usio mbali na hapo, usiku mmoja wa Juni 2018 joto halikushuka chini ya digrii 42.6. Si utani.

Wenyeji wanajua kuishi nalo. Soko la Matrah hufunga maduka adhuhuri na kuyafungua tena jioni. Ni humo nilimopata raha kubwa, kwani mzee mmoja muuza ubani alinisalimu kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Hujambo mwanangu? Jua unaliweza?" Kumbe jamaa wengi wa huko walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na lugha hawakuiacha.

Sasa neno langu. Saa saba mchana, kiyoyozi kikinguruma, nilichungulia dirishani nikaona vijana wakibeba mawe ya ujenzi ng'ambo ya barabara, vitambaa vimefungwa usoni. Wengi wa vibarua wa aina hiyo hutoka India, Bangladesh na Pakistani. Kama kuna wanaoiva, basi ni hao. Oman ina sheria inayokataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Ni sheria nzuri, naisifu. Lakini mbona Mei imeachwa nje? Jua lenyewe halina kalenda!

Shangazi alinicheka. "Mwanangu, nyumba zisipojengwa utalala wapi?" Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba mwenye duka Matrah hufunga adhuhuri na bado anakula. Mjenzi naye aanze alfajiri, amalizie jioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi wa kwenye kiyoyozi ndio wenye shibe.

Nasema haya kwa sababu humu shuleni wapo wanaoapa kwamba wakimaliza kidato cha nne watakwenda Ghuba kutafuta kazi. Haya, nendeni. Ila kabla ya kutia sahihi, mwulizeni ajenti: kazi ni ya ndani au ya nje, na mwezi wa Mei, saa saba mchana, nitakuwa nimesimama wapi?